Mdandiaji Hana Kesi Mpaka Ushahidi Uletwe

Kila anayeanza kufuga matumbawe katika tangi la maji ya chumvi hukutana na kanuni moja kabla hata maji hayajatulia: mdandiaji, yaani kiumbe usiyemjua aliyeingia tangini amejificha juu ya jiwe au tumbawe, mtoe. Mnyoo umechungulia chini ya jiwe, uvute kwa kibano. Kaa mwenye nywele amejibanza ufani, mmwagie maji ya moto. Kiumbe mdogo mweupe mwenye umbo la nyota amegandamana na kioo, mkwangue. Muuza duka husema hivyo, wafugaji wakongwe husema hivyo, na maandishi ya kwenye chupa za dawa hayasemi vingine. Hoja yao ni rahisi kueleweka: kumuua asiye na hatia hakugharimu kitu, ila kumwacha mwenye hatia kutakugharimu tangi zima. Basi heri kuua.

Naipinga kanuni hii, na naipinga nzima. Ina gharama kubwa ambayo wanaoihubiri hawaihesabu. Haiwakamati wabaya. Na hata inapowakamata, mara nyingi huwazidisha.

Tuanze na gharama. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliwaeleza wasomaji wa jarida la Marekani jinsi alivyokuwa akifuga viumbe wa mwambani bila mitambo ya kuchujia maji. Alitumia mawe yaliyotolewa baharini na uhai wake, mwanga, na viputo vya hewa. Baadaye wafugaji wa Berlin waliiendeleza njia ya mawe hai wakaongeza chombo cha kuondoa uchafu kwa povu, na sehemu kubwa ya ufugaji wa matumbawe majumbani duniani ilijengwa juu ya msingi huo. Jiwe lenyewe ni chokaa tu. Kazi yote hufanywa na wakazi wake: bakteria wanaoigeuza amonia kabla haijawaua samaki, sifongo wanaochuja maji, minyoo inayouchimbua mchanga usioze, konokono wadogo wanaolamba mwani, na krasteshia wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, ambao mabuu yao huliwa na matumbawe na samaki. Mtu hulinunua jiwe hilo kwa kilo, kwa bei ya kumuumiza, kwa sababu ya uhai huo. Halafu jioni ileile anakaa mbele ya kioo na kibano mkononi, anaanza kuua alichokilipia.

Mchukue mnyoo wa vinywele, ambaye pengine ndiye anayeuawa kuliko mdandiaji mwingine yeyote. Ukimtazama kwa karibu, mwili wake una pingili nyingi za rangi ya waridi iliyofifia, na kila pingili ina vishungi vya vinywele vyeupe ubavuni, kila upande. Vinywele hivyo ni vya chokaa, vina uwazi ndani, na hukatikia kwenye ngozi ya mtu aliyemshika bila glavu. Vinawasha kwa siku kadhaa. Hapo sifa mbaya ya mnyoo huanza, na inakamilika siku samaki mmoja anapokutwa amekufa asubuhi huku minyoo kumi imemzunguka. Kesi imekwisha: minyoo imemuua samaki.

Lakini tumbusi akikutwa juu ya mzoga wa nyumbu, hakuna mchungaji anayedai tumbusi ndiye aliyemuua. Aina za minyoo ya vinywele zinazozaliana zaidi katika matangi, kama zile za jenasi Eurythoe, hula mizoga na mabaki. Zinamaliza punje ya chakula iliyoangukia nyuma ya jiwe ambako mkono wako haufiki. Zinamfikia samaki aliyekufa usiku kabla hajaoza na kuchafua maji ya wenzake. Na wingi wao hufuata wingi wa chakula. Anayelalamika kwamba minyoo imejaa tangini ajiulize anamwaga chakula kiasi gani kila siku, maana akiwatoa wote kwa mtego na kuendelea kumwaga vilevile, kinachofuata ni mwani na maji machafu, na minyoo itarudi.

Najua jibu litakalokuja: yupo mnyoo wa vinywele anayekula matumbawe. Ni kweli. Hermodice carunculata wa Atlantiki na Karibi hula polipu, na athari yake inaonekana wazi: ncha za tawi la tumbawe hubaki nyeupe tupu. Huyo ana hatia, na alama anazoziacha ndizo zinazomtia hatiani. Wala huhitaji kuwaua jamaa zake wote ili kumpata. Unatazama matumbawe yako.

Ushahidi wanaoupenda zaidi wapinzani wangu ni kisa cha Newquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 2009, katika akwariamu ya umma ya Blue Reef mjini humo, wahudumu walikuwa wakikuta samaki wamejeruhiwa na matumbawe yamekatwa, mengine vipande viwili kabisa, bila kumwona mhalifu. Waliweka mitego yenye chambo, ikaharibiwa. Mwishowe wakalibomoa pambo lote la tangi, jiwe kwa jiwe, na ndani yake wakamkuta mnyoo mkubwa wa jamii ya Eunice mwenye urefu wa zaidi ya mita moja, ambaye walimpa jina la Barry. Inaaminika aliingia akiwa mdogo, amejificha ndani ya jiwe. Kisa hiki husimuliwa kila mara kwa sentensi moja ya mwisho: mnaona sasa, mngemuua mapema.

Nani angemuua mapema? Hakuna aliyemwona. Mnyoo wa aina hiyo hutoka usiku na hujificha ndani kabisa ya jiwe. Kanuni ya kuua kila usichokijua ingewaua minyoo ya mabaki inayotembea mchana mbele ya kioo, na Barry angeendelea kunenepa shimoni kwake. Kilichomfichua ni matumbawe yaliyokatwa, majeraha ya samaki na mitego iliyoharibiwa, yaani vitendo vyake vilivyofuatwa na watu wenye subira mpaka vikawafikisha kwake. Isitoshe, wahudumu wale hawakumuua hata baada ya hasara yote ile. Walimpa tangi lake mwenyewe.

Hapa ndipo ugomvi wangu na kanuni ile ulipo hasa. Inachukulia kwamba kumtambua kiumbe ni kupata jina lake, na kwa kuwa jina ni gumu kupatikana, tuache kutafuta, tuue. Mtu anapiga picha yenye ukungu kupitia kioo, anaonyesha kitu cha kahawia chenye miguu, anauliza ni nini. Wanaojibu wanataja majina matatu tofauti kwa uhakika uleule. Picha haionyeshi kiumbe alitoka saa ngapi, alikuwa akielekea wapi, alishika nini, wala alikuwa akila nini. Kwa mfugaji hayo ndiyo ya kujua. Jina la Kilatini linaweza kusubiri.

Wakati mwingine hata sayansi yenyewe husubiri. Mnyoo bapa anayekula matumbawe ya Acropora, anayeogopwa kuliko karibu wadudu wote wa matangini, alipewa jina rasmi la kisayansi mwaka 2011. Wafugaji walikuwa wakipambana naye kwa miaka kabla ya hapo. Hawakumjua kwa jina. Walimjua kwa alama za mviringo zilizopauka anazoziacha kwenye ngozi ya tumbawe, na kwa mayai yake ya rangi ya dhahabu iliyoungua anayoyabandika sehemu za chini zisizo na nyama. Walimtambua kwa kazi yake, wakamtambua sawasawa.

Chukua tochi, funika kioo chake kwa karatasi nyekundu ya nailoni, kaa mbele ya tangi saa mbili au tatu baada ya taa kuzimwa. Viumbe wengi wa mwambani hawaijali sana rangi hiyo. Utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimetandazwa mchangani kutoka ufa mmoja wa jiwe, zinajivuta polepole na chembe za uchafu juu yake: huyo ni mnyoo wa jamii ya Terebellidae, mwili wake umekaa ndani, haudhuru chochote. Utaona mikono mitano myembamba yenye mabaka inapunga nje ya tundu, ya jamaa mdogo wa kiti cha pweza, naye ni mla mabaki. Pengine utaona isopodi, kidudu chenye pingili na miguu mingi kisichozidi punje ya mchele. Mwangalie huyu vizuri, maana hapa kosa ni ghali kweli. Akitambaa juu ya jiwe na kujikunja kuwa kidonge anapoguswa, na macho yake ni madogo, yumkini ni wa jamii ya Sphaeromatidae, mla mwani na mabaki. Akiwa na macho makubwa yaliyochukua sehemu nzuri ya kichwa, akaogelea kwa kasi, na ukamkuta amejikita kwenye shavu au ubavu wa samaki, ni wa Cirolanidae. Huyo hunyonya na kula samaki walio hai, na hana msamaha. Lakini huyo naye hatokomezwi kwa kibano. Hujificha mchangani na maweni, na dawa inayokubalika ni kuwahamisha samaki wote kwa miezi kadhaa mpaka afe njaa. Aliyewaua isopodi wote aliowaona jiweni bila kutofautisha atakuwa amewaua wala mabaki, na Cirolanidae wangali chini ya mchanga wanasubiri.

Sauti nayo huwatia watu wazimu. Tangi linatoa mlio mkali, tak, usiku wa manane, na mwenye tangi anaamini amepata kamba wa stomatopoda, yule mwenye mikono ya vunjajungu anayevunja magamba ya konokono kwa pigo moja. Anatoa mawe yote, anayachovya, anaangamiza nusu ya uhai uliomo. Mara nyingi mpiga mlio ni kamba mwingine kabisa, wa jamii ya Alpheidae, na mlio wake ni wa kiputo kinachobomoka majini baada ya gando kujifunga kwa kasi, jambo lililothibitishwa na watafiti mwaka 2000. Aina kadhaa za kamba hawa huishi shimo moja na samaki wadogo wa jamii ya Gobiidae. Kamba haoni vizuri, basi huchimba na kusafisha shimo huku papasi yake moja imemgusa samaki mgongoni. Samaki akitikisa mkia, wote wawili wamezama ndani. Kuna wafugaji wanaolipa pesa nyingi kuwapata wawili hao pamoja, na kuna wafugaji wanaowaua kwa sababu ya mlio.

Sasa wenye hatia wa kweli. Aiptasia ni anemoni ndogo ya kahawia isiyo na uzuri wowote, inayochoma matumbawe jirani na kuenea kila pembe. Nakubali itolewe. Kanuni ya kibano inafanya nini nayo? Ukiigusa, hujikunja ndani ya ufa kwa ghafla. Ukiing'oa, kipande kidogo cha nyayo hubaki jiweni, na kipande hicho huweza kukua kuwa anemoni kamili. Aliyekwangua tano kwa kisu hupata ishirini. Anayeijua huidunga polepole kwa sindano yenye mchanganyiko mzito wa chokaa, au humleta konokono asiye na gamba aitwaye Berghia, ambaye chakula chake ni Aiptasia tu. Lakini Berghia ni mdogo, ana vinyweleo mgongoni, na anatambaa usiku. Mfuasi mwaminifu wa kanuni ya kuua angemkuta jiweni akamtupa chooni.

Mnyoo bapa wa Acropora vilevile. Watu huchovya tumbawe jipya katika dawa, minyoo inadondoka, wanashangilia, wanaliweka tangini. Dawa hizo huua waliokwisha kuanguliwa. Mayai hustahimili. Aliyejua kwamba adui huyu hutaga angelipindua tumbawe, akayakwangua mayai, na kuliweka karantini wiki kadhaa akilichovya tena na tena. Aliyejua tu kwamba kuna wadudu wabaya amefanya sherehe ya siku moja.

Na wasio na hatia wanapouawa, hasara si ya tangi kuwa na kiumbe mmoja pungufu. Kaa wa jenasi Trapezia ni wadogo, hukaa katikati ya matawi ya matumbawe ya Pocillopora, na wamepatikana hivyo katika Bahari ya Hindi na Pasifiki nzima, pwani yetu ikiwemo. Mgeni wa ufugaji akimwona kaa ndani ya tumbawe lake jipya anaona mharibifu. Huko Moorea, Polinesia ya Ufaransa, watafiti wakiongozwa na Hannah Stewart waliwatoa kaa hao kwenye matumbawe ya matawi, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona: sehemu kubwa ya matumbawe yaliyoachwa bila kaa yalikufa ndani ya mwezi mmoja, na yaliyobaki na kaa wake yalisalimika. Kaa walikuwa wakifagia mchanga na tope lililotua juu ya polipu. Kaa haohao pia humbana na kumfukuza Acanthaster, kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe. Sasa mtu anamtoa mlinzi huyo kwa kibano, tumbawe linafifia, naye anahitimisha kwamba kaa alikuwa ameshaliharibu.

Pwani ya Kenya imeuonyesha ukweli huu kwa kiwango kikubwa zaidi ya tangi. Tim McClanahan na wenzake, waliotafiti miamba ya huko kuanzia miaka ya 1980, walionyesha kwamba palipovuliwa sana samaki aitwaye kikande, hasa Balistapus undulatus, nungu wa bahari wa aina ya Echinometra mathaei walijaa na kuumung'unya mwamba. Kikande alikuwa ndiye anayewazuia. Hakuna aliyekusudia kuuharibu mwamba. Aliondolewa kiumbe mmoja ambaye kazi yake haikuwa imefikiriwa.

Kuna njia moja ya kuua ambayo lazima niiseme kwa sauti kubwa, kwa sababu hapo hatari inamgeukia binadamu: kulichemsha jiwe. Juu ya mawe mengi hukaa zoanthidi, polipu laini zinazopendeza, na baadhi ya jamaa zake, hasa Palythoa, zina palitoksini. Sumu hii ilitengwa Hawaii na Moore na Scheuer mwaka 1971, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa zisizo za protini zinazojulikana. Jiwe likichemshwa au kusuguliwa kwa nguvu, mvuke na matone madogo huibeba hewani. Watu wamepelekwa hospitali na homa, kikohozi na pumzi kukata, familia nzima wakati mwingine pamoja na mbwa wao. Idara ya afya ya Marekani iliripoti visa vya namna hiyo vya Alaska vilivyotokea kati ya 2012 na 2014, katika maduka na nyumba. Jikoni kwako si mahali pa sumu hiyo, na ushauri wa kuchemsha jiwe "ili kuwa na uhakika" ni ushauri wa hatari unaotolewa na watu ambao hawajui walichokibeba.

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Wapo wanaosema tuache mawe hai kabisa, tuanze na mawe makavu yasiyo na kiumbe, kwa sababu miamba ya asili imechoka kuchukuliwa. Biashara ya mawe hai husimamiwa na mkataba wa CITES pamoja na matumbawe magumu, na Florida ilikwisha kuzuia uchukuaji kutoka miamba ya asili. Wafugaji wa huko hulaza mawe ya chokaa kwenye maeneo waliyopangishwa baharini, kisha huyarudia baada ya miaka yakiwa yamevaa uhai. Kwa ajili ya bahari, hoja hii ni ya haki. Lakini haihusiani na kuua. Aliyeanza na jiwe kavu hukaa miezi akipambana na mwani wa kahawia na dinoflajelata kwa sababu hakuna wa kuwapinga, halafu hununua chupa za kopepodi na vipande vya mawe ya wenzake ili aupate uhai alioukwepa. Na kila tumbawe atakalolileta litakuja na wadandiaji juu ya kitako chake. Swali lilelile litamsubiri.

Wanasema pia kwamba anayeanza hana utaalamu wa kutofautisha. Kutazama hakuhitaji shahada. Kunahitaji tochi, daftari, na tangi dogo la pembeni lenye jiwe moja na mkondo wa maji, ambamo mtuhumiwa anaweza kukaa huku ukimpa kipande cha dagaa siku moja na kipande cha mwani siku ya pili uone anachukua kipi. Aliyeweza kupima chumvi na naitreti kila wiki anaweza hilo.

Na akishathibitika kuwa mbaya, asitupwe baharini, wala maji yake yasimwagwe ufukweni. Caulerpa taxifolia, aina ya mwani, ilionekana mbele ya jumba la makumbusho la bahari la Monaco mwaka 1984 ikitokea kwenye matangi, ikatanda maelfu ya hekta za Mediterania. Ilipozuka California mwaka 2000 ilichukua hadi 2006 kuitokomeza. Mdandiaji wa Fiji au Indonesia aliye katika tangi la mtu wa Mombasa au Muscat amalizie maisha yake katika tangi la pembeni, au auawe kwa kugandishwa ndani ya friza, na mwenye tangi awe ameandika daftarini alikuwa nani, alifanya nini, na alionekana jiwe gani.